Usinywe dengu kama supu: jinsi sinia la Kinepali linavyoliwa

Shoga yangu mmoja anayefanya kazi Doha alinitumia picha ya sinia alilokuta kwenye mkahawa wa Wanepali, nyumba ya tatu kutoka anapoishi. Chini ya picha akaandika: "Hebu niambie wewe mpishi, hiki chakula kinasifiwa kwa lipi? Supu ya dengu nyepesi kama maji ya kunawa, wali mkavu, mboga kidogo kidogo kama za mgonjwa, halafu kuna kiachari kimenitia ganzi mpaka midomo." Nikamuuliza alianza na nini. Akasema alianza na supu. Aliinywa yote kwa kijiko, akasukuma bakuli kando, akala mboga, akala kuku, mwisho akabaki anatazamana na kilima cha wali mweupe na hana cha kutowelea.

Nilicheka, ila si kwa kumcheka yeye. Mimi nilikosea zaidi yake, tena nikiwa upande wa jiko. Kwa miaka sita niliwapikia wafanyakazi wa hoteli moja ya Ghuba, na wengi niliowalisha walikuwa Wanepali: walinzi, wabeba mizigo, wasafisha vyumba, waosha vyombo. Wiki ya kwanza niliamua kuwafurahisha. Nikawapikia dengu za nazi za kwetu Tanga, nzito, zile ambazo ukiinamisha mwiko hazidondoki. Sufuria lilirudi karibu kama lilivyotoka. Hakuna aliyelalamika, walikuwa wamekula wali kwa achari waliyoichukua vyumbani mwao kwenye chupa za jemu. Mzee mmoja wa sinki, ambaye wote tulimwita Dai, yaani kaka mkubwa, ndiye aliyenionea huruma. "Didi," aliniambia, na didi ni dada mkubwa ingawa yeye alinizidi miaka ishirini, "dengu yako tamu, lakini haiendi popote."

Ilinichukua majuma kumwelewa. Dengu ya Kinepali kazi yake ni kwenda. Ishuke kati ya punje za wali, ilowanishe, ibebe mboga na achari njia nzima mpaka kooni. Kuinywa peke yake ni sawa na mtu kunywa mchuzi wa samaki kwa kikombe, kisha akala wali mkavu na kumlaumu mpishi.

Jina lenyewe la mlo linakwambia. Dal bhat tarkari: dengu, wali, mboga. Kwenye mikahawa utaona umeandikwa "khana set", na khana ni chakula. Lakini Mnepali anaposema khana hazungumzii chochote kinacholiwa. Watu wakikutana mchana huulizana "khana khanubhayo?", umeshakula, kama salamu tu, na aliyekula sahani ya momo (vidonge vya unga vilivyojazwa na kupikwa kwa mvuke) au bakuli la tambi anaweza kukujibu kwamba bado. Nasi tunawajua watu wa namna hiyo: kala chapati nne na chai, lakini ugali haujapita, basi hajala. Kwa kawaida khana ni mara mbili kwa siku, asubuhi kwenye saa tatu au saa nne na tena jioni baada ya saa moja. Katikati ni vitafunio, ambavyo huitwa khaja na havihesabiwi.

Nilipopata likizo ndefu nilikwenda nikajionee. Nilipanga chumba Patan, mji wa kale ulio ng'ambo ya mto Bagmati ukitokea Kathmandu, na kwa siku kumi na moja nilikula kwenye mkahawa mmoja wa uchochoroni, dakika chache kutoka uwanja wa jumba la wafalme. Meza sita. Kibao mlangoni kimeandikwa Thakali Bhanchha Ghar, ambayo ni "jiko la Wathakali", kabila moja la milimani, na ndilo jina la nusu ya mikahawa ya aina hiyo. Mwenye mkahawa, ambaye wateja humwita sahuni, aliketi penye droo ya pesa huku akichambua majani ya haradali. Hakuna orodha ya maana. Unaulizwa tu: wa mboga, wa kuku, au wa mbuzi?

Sinia linalokuja ni la kansa, mchanganyiko wa shaba na bati, zito, ukiligonga kwa kucha linalia kama kengele. Katikati wali. Kibakuli cha dengu nyeusi, kibakuli cha mchuzi wa khasi, yaani mbuzi dume aliyehasiwa. Pembeni majani ya haradali yaliyokaangwa kwa pilipili kavu, viazi na koliflawa vyenye manjano na bizari nyembamba, kijungu cha gundruk, yaani mchuzi wa majani yaliyochachuka, achari ya nyanya, achari ya figili, papadi moja, na samli kijiko kimoja juu ya wali. Mtu wa pwani kitu cha kwanza atakachogundua ni kwamba wali haukutiwa chumvi. Si kwamba ni kidogo; haimo kabisa. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau.

Hawakusahau. Kwenye sinia hili kila kitu kimepungukiwa na kitu ambacho jirani yake anacho, tena makusudi. Wali hauna chumvi, achari inayo ya kuzidi. Dengu haina ukali, pilipili imewekwa kwenye nyanya. Majani ya haradali yana uchungu kama wa mchunga, viazi vina utamu. Papadi ni kavu kwa sababu vyote vingine vimelowa. Mpishi hakumaliza kupika. Amekuachia hatua ya mwisho uifanye wewe, kwa vidole. Ndiyo maana anayekula kimoja kimoja, kama shoga yangu, huondoka akidhani kapewa vitu sita visivyokolea.

Sasa dengu. Nalitumia neno hili kwa kulazimika tu, maana Wakenya watafikiria ndengu, Watanzania watafikiria zile nene za kutengenezea bajia, na Mzanzibari atasema adesi. Nepal wana dal za kila namna, lakini ile ya sinia la Kithakali ni ya choroko nyeusi, ndugu wa damu wa choroko zetu za kijani, zilizopasuliwa na ganda lake. Hupikwa kwenye karai la chuma. (Ndiyo, karai lilelile. Neno hili, pamoja na achari na chapati, nililikuta huko likinisubiri.) Chuma huzidisha weusi wa dengu mpaka ikafanana na maji ya mkaa, na ladha yake huwa nzito ijapokuwa yenyewe ni nyepesi. Kathmandu iko mita 1,400 hivi juu ya bahari na maji huchemka yakiwa hayajafika hata nyuzi 96, kwa hiyo nafaka ngumu huchelewa kuiva. Wengi huanza na sufuria ya presha. Ukipita vichochoroni asubuhi unasikia filimbi zake nyumba hadi nyumba.

Kinachoifanya dengu hii iwe hivyo ilivyo ni hatua ambayo sisi tuna neno lake kamili: kuunga. Samli inachemshwa kwenye kijikaango mpaka ianze kutoa moshi, inatupiwa jimbu, inahesabiwa sekunde mbili, inamwagwa yote juu ya dengu na kufunikwa hapo hapo. Jimbu ni majani makavu ya jamii ya kitunguu yanayoota mwituni kwenye nyanda za juu za Mustang, kaskazini mwa Nepal. Ukiyashika ni kama nyuzi za majani yaliyokauka, hayanuki hata kidogo. Yakigusa samli ya moto ndipo yanapofufuka, na harufu yake iko kati ya kitunguu saumu kilichochomwa na kitu kingine ambacho nimejaribu miaka mingi kukipatia jina. Yakizidi sekunde mbili yameungua. Wanaoweka kitunguu maji na kitunguu saumu badala yake hupata dengu nzuri, lakini inakuwa dengu ya mahali pengine. Ughaibuni jimbu husafiri ndani ya masanduku ya watu. Dai aliificha ya kwake kwenye kabati la jikoni, nyuma ya sabuni.

Kwa nini Wathakali? Hii sehemu naipenda, nivumilieni. Ni kabila dogo la bonde la mto Kali Gandaki, huko Mustang. Bonde hilo limepita kati ya Dhaulagiri na Annapurna, milima miwili iliyozidi mita 8,000 kila mmoja, na kwa karne nyingi lilikuwa njia ya chumvi. Chumvi ilishuka kutoka Tibet, nafaka ikapanda kutoka mabonde ya kusini, na Wathakali walikaa katikati wakibadilishana vyote viwili. Misafara ya nyumbu inahitaji pa kulala na pa kula. Basi vijiji kama Tukuche na Marpha vikawa na nyumba za wageni, nyingi zikiendeshwa na wanawake, na sifa ya nyumba ilikuwa usafi wa jiko na wingi wa chakula. Msafiri aliyetembea siku nzima humshibishi kwa kibakuli kimoja.

Baada ya uasi wa Tibet dhidi ya China kuzimwa mwaka 1959 biashara ya mpakani ilinywea, na chumvi ya India nayo ikawa imefika mpaka milimani. Wathakali wakashuka Pokhara, Kathmandu na miji ya tambarare, wakaja na walichokijua. Mtaji wakaupata kwa dhikuri: kikundi kinachangishana, kila zamu mmoja anabeba fungu lote. Wasomaji wangu hamhitaji kufafanuliwa. Ni upatu, au chama, mchezo, kibati, kila mtu na jina la kwao. Kila nilipoona kibao cha Thakali mjini nilifikiria mtu aliyengoja zamu yake ndipo akanunua masufuria.

Haya, mkono. Wa kulia tu. Kijiko utapewa ukitaka na hakuna atakayechukia, ila kijiko huchota, hakichanganyi, na hapa kuchanganya ndiyo kazi. Usimimine dengu yote juu ya kilima cha wali. Hilo ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kuinywa. Bomoa upande ulio karibu nawe, wali wa matonge matatu au manne, umwagie dengu kiasi cha kuulowesha. Changanya kwa ncha za vidole, bila kufinyanga, mpaka punje zing'ae lakini kila moja bado iko peke yake. Vutia jani la haradali au kipande cha kiazi. Gusa achari kwa kidole, gusa tu, usichote. Kusanya tonge, lipeleke mdomoni juu ya vidole vinne, kidole gumba kilisukume ndani. Tonge linalofuata lipe jirani mwingine: gundruk badala ya majani, figili badala ya nyanya, papadi iliyovunjwa juu yake. Dai alikuwa na kanuni yake: ukila matonge mawili mfululizo yanayofanana, umelala mezani.

Nyama ije baadaye. Najua ni vigumu. Sisi tunaoitunza nyama kwa ajili ya mwisho na wale wanaoianza kabla hawajanyang'anywa tutabishana, lakini kwenye sinia hili nyama ni sura ya pili: sehemu mpya ya wali, mchuzi wa mbuzi ukichukua nafasi ya dengu. Ukishaonja mchuzi ule mzito, dengu haiwezi tena kukuambia kitu mpaka upumzishe ulimi. Anzia penye upole.

Ganzi iliyomshtua shoga yangu ni timur. Ni tunda dogo la mti wenye miiba, jamii moja na ile pilipili ya Sichuan ya Wachina. Si kali kwa maana ya pilipili yetu, bali huufanya ulimi utetemeke kama umelamba betri. Husagwa kwenye achari ya nyanya pamoja na kitunguu saumu na pilipili. Akiila kwa kijiko, kama alivyofanya, hapati ladha nyingine kwa dakika tano. Achari ya figili ni kitu kingine: figili zimekatwa vidole, zikaanikwa zikanyauka, zikashindiliwa kwenye mtungi wa kioo na haradali ya kusagwa, timur, manjano na mafuta ya haradali, zikaachwa juani juu ya paa mpaka zichachuke. Patan ukitazama juu, mapaa yamejaa mitungi.

Gundruk nayo ni majani ya haradali au ya figili yaliyonyaushwa, yakapondwa, yakashindiliwa kwenye chombo yakachachuka yenyewe siku kadhaa, kisha yakakaushwa kabisa. Bila chumvi. Ukikumbuka chumvi ilivyofika milimani juu ya migongo ya wanyama, huoni ajabu kwamba watu walijifunza kuchachua bila hiyo. Yakipikwa mchuzi mwepesi na nyanya yana uchachu wake, yananikumbusha kisamvu kilicholala. Kuna watakaokwambia yananuka. Ni kweli yananuka.

Siku ya nne sahuni aliniuliza kama nitaweza dhindo badala ya wali. Aliuliza kwa ule uangalifu ambao huku kwetu humtumia Mzungu kumuuliza kama atakula ugali. Dhindo ni ugali. Maji yanachemka, unga unamwagwa kidogo kidogo, mwiko unasonga mpaka jasho. Hutengenezwa kwa unga wa fapar, nafaka ya milimani ambayo kwetu haizoeleki, au wa mahindi, au wa kodo. Nikaomba nioneshwe kodo. Akaniletea kiganjani: ulezi. Ulezi ule ule wa uji wa watoto, ambao Wakenya huuita wimbi. Na hapa si kwamba nafananisha tu. Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Uganda. Ndiko ulikofugwa kwanza, ukasafiri mpaka India zamani za kale, ukapanda mpaka miteremko ya Himalaya. Nilijaribu kumweleza sahuni kwamba nafaka yake ilitoka upande wetu. Alinitazama, akatazama kodo, akasema basi nile nyingi.

Tofauti ni moja. Dhindo haitafunwi. Unamega kidogo, unachovya kwenye mchuzi wa gundruk, unameza, na mchuzi ndio unaoiteremsha. Nilitafuna kwa mazoea, meza ya jirani wakaangua kicheko.

Sasa kujaziwa, jambo ambalo kwenye picha ya simu halionekani. Bei ya seti ni moja, na ndani yake wali, dengu, mboga na achari huongezwa mpaka ushibe. Nyama haiongezwi, hiyo utailipia. Kijana anazunguka na ndoo ya wali na ndoo ya dengu, na asipokuona ukitafuna anakumwagia. Kwa hiyo kile kibakuli kidogo cha dengu alichokiona shoga yangu hakikuwa fungu lake, kilikuwa mlango tu. Nikiupima mkahawa wa Kinepali, popote ulipo, siangalii idadi ya vibakuli. Sinia lenye vibakuli kumi na mbili mara nyingi ni la kupigwa picha. Nangoja dengu ya mara ya pili: ikija ya moto kama ya kwanza, jiko lina heshima.

Chunguza anavyomwaga. Upawa wake hauligusi sinia lako hata siku moja, dengu inaanguka kutoka juu. Ni kwa sababu ya jutho. Chakula kilichoguswa na mdomo, au na mkono unaolia chakula, ni jutho, na hakipewi mtu mwingine. Makombo yetu yanakaribia maana hiyo, ila makombo ni kilichobaki, na jutho inaanza na tonge la kwanza. Ndiyo maana maji hunywewa kwa kumiminwa mdomoni bila jagi kugusa midomo, na ndiyo maana usimegee mwenzio kipande kutoka sinia lako kwa ukarimu. Nililijua hilo kwa aibu. Sikukuu moja ya Idi, kule hotelini, niliandaa pilau kwenye masinia chini, watu wanne wanne, kama nyumbani. Baadhi ya wenzangu Wanepali walisimama tu wakitabasamu. Nilidhani hawapendi pilau. Dai akaenda kuwaletea sahani, akawapakulia kila mtu yake kabla mkono wowote haujaingia, na wakala mpaka ukoko.

Ukishiba, neno ni "pugyo", imetosha. Lakini neno peke yake huchukuliwa kuwa adabu ya mgeni. Lazima uliambatanishe na mkono, ukiutandaza juu ya sinia kama kifuniko, tena mapema. Siku ya mwisho Patan nilisema pugyo vizuri kabisa, kwa lafudhi niliyoifanyia mazoezi, na mkono nikauleta. Niliuchelewesha kidogo. Wali ulikuwa umeshatua, na kijana alikuwa tayari anainamisha ndoo ya dengu.